Mary-Claire King aliipataje jeni ya saratani ya matiti kabla ya mtu yeyote kuiona?

Mhisabati wa Kihonda aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Nina shahada ya kwanza ya hisabati na takwimu, na nafikiria kuomba nafasi ya uzamili katika fani ya vinasaba vya magonjwa. Kila ninapolitaja jambo hili, walionitangulia huniambia kwamba utafiti wa saratani ni wa madaktari na watu wa maabara, na kwamba mtu wa hesabu huitwa mwishoni tu ili achore majedwali. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu Mary-Claire King, mwanasayansi wa Marekani aliyethibitisha kwamba ipo jeni moja inayoweza kurithiwa na kumweka mwanamke katika hatari kubwa sana ya saratani ya matiti, alianza na hisabati katika chuo cha Carleton kule Minnesota, kisha akaenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akikusudia kusoma takwimu.

Ninavyoelewa, alianza kulifuatilia suala hilo mwaka 1974, na mwaka 1990 akatangaza kwamba jeni hiyo, ambayo sasa inaitwa BRCA1, imo katika mkono mrefu wa kromosomu ya 17 (kromosomu ni nyuzi za DNA zinazobeba jeni). Lakini jeni yenyewe ilikuja kutengwa na kusomwa mwaka 1994, na waliofanya hivyo ni kundi jingine. Basi naomba mwenye ujuzi anieleze: alijuaje kwamba jeni iko pale ilhali hakuna aliyekuwa ameiona? Mbona kazi hiyo ilimchukua miaka mingi kiasi hicho? Na je, ni haki kusema kwamba yeye ndiye aliyeigundua, au sifa hiyo imekuzwa?

Mkufunzi Mstaafu alijibu:

Ndugu Mhisabati, katika kazi hii hesabu ndiyo iliyotangulia na maabara ikafuata, kwa hiyo umechagua mfano unaokufaa.

King aliingia kwenye jenetiki karibu kwa bahati. Akiwa Berkeley alihudhuria somo la Curt Stern, mwanajenetiki mkongwe aliyekuwa anakaribia kustaafu, akavutiwa kuona kwamba urithi wa binadamu unaweza kushughulikiwa kama fumbo la hesabu. Shahada yake ya uzamivu aliifanya chini ya Allan Wilson, akalinganisha protini za binadamu na za sokwe na kukuta kwamba zinafanana kwa takriban asilimia 99, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1975 na ambayo hadi leo hutajwa hata na watu wasiojua yalitoka wapi. Baada ya hapo alikwenda kufundisha Chile, mapinduzi ya Septemba 1973 yakamkuta huko, akarudi California na kuanza kazi ya saratani.

Wakati huo wazo la jeni moja ya saratani ya matiti halikuwa na wafuasi wengi. Wengi waliokuwa katika fani walidhani chanzo ni virusi, kwa kuwa virusi vya namna hiyo vilikuwa vinajulikana kwa panya, na wengine walisema ugonjwa wa kawaida kama huu lazima uwe na sababu nyingi ndogondogo. Kwamba kuna koo zenye wagonjwa wengi halikuwa jambo geni. Daktari Mfaransa Paul Broca alieleza ukoo wa aina hiyo mwaka 1866. Tatizo ni kwamba ukoo kuwa na wagonjwa wengi si ushahidi wa jeni. Ndugu hula chakula kimoja, huishi mahali pamoja, na ugonjwa ulioenea unaweza kuwapata dada wawili au watatu kwa bahati mbaya tu.

Swali la kwanza la King, kwa hiyo, lilikuwa la kitakwimu kabisa: je, mpangilio wa wagonjwa ndani ya familia unafanana na ule ambao ungetarajiwa kama kungekuwa na jeni moja yenye nguvu, au hapana? Yeye na wenzake walichukua familia za wagonjwa 1,579, wagonjwa waliopatikana kwa utaratibu wa jumla na wala hawakuchaguliwa kwa kuwa na historia ya kutisha, wakalinganisha mifano mbalimbali ya kihisabati ya urithi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988. Mfano ulioafikiana na takwimu kuliko mingine ulisema kwamba jeni ya namna hiyo ipo, kwamba inaeleza ugonjwa katika takriban asilimia 4 tu ya familia, na kwamba mwanamke aliyeirithi ana hatari ya asilimia 82 maishani mwake, huku asiyeirithi akiwa na hatari ya asilimia 8. Hapo palikuwa bado hapana tone la damu lililopimwa kwa ajili ya hesabu hiyo.

Asilimia 4 hiyo ndiyo iliyoifanya kazi kuwa ngumu. Ukiwakusanya wagonjwa ovyo, wengi wao hawana jeni unayoitafuta, na ishara yake itazama.

Sasa nije kwenye swali lako la kuipata bila kuiona. Kuitafuta jeni kwa njia hii ni kama kutafuta nyumba isiyo na namba kwa kuulizia majirani. Katika kila kromosomu kuna mahali ambapo DNA hutofautiana kati ya mtu na mtu. Mahali hapo huitwa alama. Ikiwa katika ukoo mmoja wanawake waliougua wote wamerithi aina moja ya alama fulani, na wasiougua wamerithi aina nyingine, basi huenda jeni ya ugonjwa iko jirani na alama hiyo, kwa sababu vipande vya DNA vilivyokaribiana kwa kawaida hurithiwa pamoja. Ukoo mmoja unaweza kukudanganya. Unajumlisha koo nyingi, kisha unauliza: matokeo haya yanawezekana mara ngapi zaidi ikiwa ujirani upo kuliko ikiwa haupo? Wanajenetiki huchukua logi (ya msingi wa 10) ya uwiano huo, na kwa desturi huanza kuamini inapofika 3, yaani elfu moja dhidi ya moja.

Kundi la King lilikuwa na koo 23 zenye wagonjwa 146 wa saratani ya matiti. Walipima alama moja baada ya nyingine, zaidi ya mia moja, bila mafanikio. Walipofika kwenye alama ya kromosomu ya 17 inayoitwa D17S74, jumla ya koo zote bado haikuwa na la maana la kusema: baadhi zilivuta upande huu, nyingine upande ule. Ndipo wakazipanga koo kwa umri. Yafikirie michoro ya nasaba ilivyo mezani: duara ni mwanamke, mraba ni mwanamume, duara lililotiwa wino ni mgonjwa, na chini yake imeandikwa namba ya miaka aliyokuwa nayo ugonjwa ulipogunduliwa. Katika koo fulani namba hizo ni 32, 38, 41. Katika nyingine ni 58, 66, 71 (namba ni za mfano, mimi ndiye niliyeziweka). Walipoziweka koo za vijana juu na za wazee chini, picha ikajitenga. Katika koo za vijana ile logi ilifika 5.98, karibu milioni moja dhidi ya moja. Katika koo za wazee ilikuwa hasi.

Sababu yake ni rahisi kuielewa baada ya kuambiwa. Saratani ya uzeeni mara nyingi huja bila kurithiwa, kwa hiyo ukoo wenye bibi watatu waliougua wakiwa na miaka 70 waweza kuwa mkusanyiko wa bahati mbaya, wakati ukoo wenye dada watatu waliougua kabla ya miaka 45 una uzito mwingine kabisa. Kazi hiyo ilitangazwa Oktoba 1990 katika mkutano wa wanajenetiki mjini Cincinnati na kuchapishwa Desemba mwaka huohuo. Kwa maoni yangu, kule kupanga koo kwa umri ndiko ugunduzi wenyewe. Alama zilikuwa zinapatikana kwa yeyote aliyezitaka.

Mtu wa Pipeti alijibu:

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini naomba tusiifanye hadithi hii kuwa ya mtu mmoja mwenye subira ya ajabu. Swali la kwa nini ilichukua miaka mingi lina jibu lisilo la kishujaa: vifaa havikuwepo. Mwaka 1974 alama za kutumia zilikuwa chache mno, zaidi zikiwa makundi ya damu na protini chache zinazotofautiana kati ya watu. Wazo la kutumia tofauti za DNA yenyewe kama alama katika ramani nzima ya binadamu lilichapishwa mwaka 1980 na David Botstein, Ray White, Mark Skolnick na Ronald Davis, na ilichukua miaka kadhaa zaidi kabla alama za kutosha kupatikana. Mtu hata awe na akili namna gani, asingeipata jeni hii mwaka 1978.

Litazameni jina la tatu katika orodha hiyo. Skolnick, ambaye wazo lake lilimsaidia King kufika kwenye kromosomu ya 17, ndiye aliyeongoza kundi lililomshinda mwaka 1994. Alikuwa katika jimbo la Utah, Marekani, ambako kumbukumbu za nasaba za Wamormoni, wafuasi wa dhehebu lenye nguvu huko, ni hazina ambayo mtafiti wa kwingine huiota tu, na kampuni ya Myriad Genetics ilianzishwa huko mwaka 1991. Tangazo la Cincinnati lilikuwa sawa na kuwaambia wote mahali pa kuchimba. Katika muda mfupi kundi la Gilbert Lenoir mjini Lyon, Ufaransa, lilithibitisha matokeo hayo na kuonyesha kwamba eneo hilohilo linahusika pia na saratani ya ovari. Maabara nyingi za Marekani, Ulaya na Japani ziliingia mashindanoni. Eneo lililobakia kupekuliwa lilikuwa na jeni nyingi, na kila moja ilibidi isomwe herufi kwa herufi kwa wanawake wagonjwa na wazima, kazi ambayo siku hizo ilifanywa kwa mikono, kwenye jeli ya kutenganishia vipande vya DNA, usiku na mchana.

Kwa hiyo nani aligundua? Mimi hugawa hivi: King na wenzake, akina Jeff Hall, Ming Lee na Beth Newman, walithibitisha kwamba kitu kipo na wakaonyesha kilipo; kundi la Utah likakitoa. Sehemu ya kwanza ndiyo iliyobadilisha fikra, kwa sababu kabla ya 1990 mtu makini angeweza kukataa kwamba kitu chenyewe kipo, na baada yake asingeweza. Lakini asiyewahi kushika jeli asiidharau sehemu ya pili. Halafu zipo zile koo 23, ambazo majina yao hayatajwi popote, na ambazo zilitoa damu bila kujua kama wao wenyewe watanufaika.

Wakili wa Kisauni alijibu:

Ndugu zangu, mmeiacha sehemu inayonihusu mimi, nayo ndiyo iliyoamua ni nani angeweza kupimwa.

Baada ya 1994 kampuni ya Myriad ilipata hataza, yaani haki ya kisheria ya umiliki, juu ya jeni mbili, BRCA1 na mwenzake BRCA2 iliyo kwenye kromosomu ya 13, na kwa takriban miaka kumi na mitano ikawa ndiyo pekee inayouza kipimo kamili nchini Marekani, kwa bei iliyopita dola 3,000. Wengi hulalamikia bei, nami nalalamika pamoja nao, ila madhara mengine hayazungumzwi vya kutosha. Mwaka 2006 maabara ya King, ambayo tangu 1995 iko Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ilichapisha utafiti wa familia 300 za Marekani ambazo kila moja ilikuwa na wagonjwa wanne au zaidi wa saratani ya matiti au ovari, na ambazo kipimo cha kibiashara kilikuwa kimeziambia kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Walipozichunguza kwa mbinu nyingine walikuta kwamba asilimia 17 zilikuwa na kasoro ya kurithi iliyokosekana, na asilimia 12 zilikuwa na vipande vikubwa vya BRCA1 au BRCA2 vilivyofutika, kujirudia au kupangika upya, vitu ambavyo usomaji wa herufi kwa herufi hauwezi kuviona. Mwanamke aliyepewa jibu hilo alirudi nyumbani akiamini kwamba yuko salama. Na kwa kuwa muuzaji alikuwa mmoja, hapakuwa na maabara ya pili ya kumpa jibu tofauti.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 13 Juni 2013 majaji wote tisa walikubaliana kwamba DNA iliyotolewa mwilini ikiwa kama ilivyoumbwa haiwezi kumilikiwa kwa hataza, hata kama kuitenga kulihitaji kazi kubwa. Ile inayotengenezwa maabara kwa kunakili ujumbe wa jeni ndiyo inayoweza. Siku hiyohiyo maabara nyingine zilitangaza kwamba zitaanza kupima. Maabara ya King ilikuwa tayari na kipimo kinachosoma jeni nyingi kwa pamoja, nao walikuwa wamekiita BROCA, kwa heshima ya yule daktari Mfaransa aliyetajwa na Mkufunzi.

Mhisabati wa Kihonda aliandika tena:

Nawashukuru nyote, na hasa Mkufunzi kwa kunionyesha lile jambo la umri. Nina nyongeza moja. Nimesoma kwamba katikati ya miaka hiyo, kuanzia 1984, King alifanya kazi Argentina pamoja na akina bibi wa Plaza de Mayo, waliokuwa wanawatafuta wajukuu walioibwa wakati wa utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983. Je, ule ulikuwa uanaharakati wa pembeni, au unahusiana na kazi ya saratani? Na swali la mwisho: matokeo haya yaliyotokana na familia za Marekani yana maana gani kwa wanawake wa huku kwetu?

Mkufunzi Mstaafu alijibu:

La Argentina nitalijibu kwa ufupi. Hesabu ni ileile. Wazazi wa mtoto wameuawa, kwa hiyo huwezi kumlinganisha nao; unao bibi na babu tu, wakati mwingine upande mmoja, na unauliza ni mara ngapi inawezekana zaidi kwamba mtoto huyu ni wa ukoo huu kuliko kwamba si wake. Walianza kwa kupima protini za kinga zilizo juu ya seli, kisha King akaingiza DNA ya mitokondria (sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati), ambayo mtu huirithi kwa mama yake peke yake, hivyo bibi mzaa mama mmoja aliye hai anatosha. Wajukuu zaidi ya 130 wamekwisha kutambuliwa hadi sasa.

Daktari wa Zamu alijibu:

Nami nijibu hilo la mwisho, kwa kuwa ninawaona wagonjwa wenyewe.

Utafiti mkubwa ulio karibu nasi kwa maana ni ule wa Ibadan, Nigeria, ulioongozwa na Olufunmilayo Olopade, Mnigeria aliye Chuo Kikuu cha Chicago, akishirikiana na maabara ya King. Ulichapishwa mwaka 2018. Walipima wanawake 1,136 wenye saratani ya matiti na 997 wasio nayo. Miongoni mwa wagonjwa, asilimia 14.7 walikuwa na kasoro ya kurithi katika jeni ya saratani ya matiti: asilimia 7 katika BRCA1, asilimia 4.1 katika BRCA2, na waliobaki katika jeni nyingine kama PALB2 na TP53. Kumbukeni kwamba hawakuchaguliwa kwa sababu ya historia ya familia. Karibu mgonjwa mmoja kati ya saba si idadi ya kupuuza. Utafiti wa namna hiyo, ingawa mdogo zaidi, umefanyika Uganda na Cameroon pia.

Hata hivyo natoa tahadhari mbili. Mara nyingi husemwa kwamba wanawake wetu huugua wakiwa vijana, na msomaji wa uzi huu anaweza kurukia kusema kwamba basi ni jeni, kwa kuwa umri ndio uliomwongoza King. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na ukweli kwamba idadi yetu ya watu ni ya vijana: wanawake wa miaka 35 ni wengi kuliko wa miaka 70, kwa hiyo wagonjwa vijana nao wataonekana wengi. Hilo Mhisabati analijua kuliko mimi. Tahadhari ya pili ni kwamba hazina za taarifa za kulinganishia zimejengwa zaidi kwa DNA ya watu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika akipimwa, ni rahisi zaidi kupewa jibu kwamba ana badiliko lisilojulikana kama lina madhara au halina, na jibu hilo ni gumu kulieleza kwa mtu aliyekaa mbele yako akisubiri kujua kama akatwe titi la pili.

Kuhusu kuchukua historia ya ukoo, kuna kosa ninaloliona kila mara katika mafaili. Mgonjwa huulizwa kuhusu mama yake, dada zake, mama wakubwa na mama wadogo, kisha karatasi inafungwa. Shangazi na bibi mzaa baba hawaulizwi. BRCA1 imo kwenye kromosomu ya 17, wala si kwenye kromosomu za jinsia, hivyo baba humrithisha binti yake sawasawa na mama, kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, naye baba mwenyewe anaweza kuishi hadi uzeeni bila dalili yoyote. King na wenzake wa Israeli walilionyesha hili mwaka 2014 walipowapima wanaume wazima zaidi ya 8,000 wa Kiyahudi wenye asili ya Ashkenazi (yaani ya Ulaya ya Kati na Mashariki), kisha wakawafuata ndugu wa kike wa waliokutwa na kasoro. Takriban nusu ya koo hizo hazikuwa na historia ya saratani ya kumshtua daktari yeyote, mara nyingi kwa sababu tu ukoo ulikuwa mdogo au kasoro ilikuwa imepita kwa wanaume. Wanawake wa koo hizo waliobeba kasoro walikuwa na hatari kubwa vilevile. Mwaka huohuo alipopewa tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba ya Marekani, alitumia nafasi hiyo kupendekeza kwamba kila mwanamke apimwe BRCA1 na BRCA2 afikapo takriban miaka 30, awe na historia au asiwe nayo.

Mimi pendekezo hilo silikubali kwa hapa kwetu, angalau kwa sasa. Ukimwambia mwanamke kwamba ana kasoro ya BRCA1, lazima uwe na cha kumpa: uchunguzi wa mara kwa mara wa matiti, upasuaji wa kuondoa ovari kwa wakati unaofaa, na mtu wa kukaa naye amweleze kabla na baada ya kipimo. Dawa za aina ya olaparibu, zinazolenga hasa seli ambazo BRCA imeharibika kwa kuwa seli hizo haziwezi tena kuikarabati DNA yake barabara, zipo, ila wagonjwa wangu wengi hawaimudu bei yake. Ningeanza na wale ambao tayari wanaugua wakiwa chini ya miaka 45, kisha ndugu zao, wa kuumeni na wa kukeni. Naye Mhisabati, akitafuta mada ya tasnifu, atazame yale mabadiliko yasiyojulikana madhara yake: kila moja linasubiri mtu wa kulinganisha idadi ya wagonjwa waliolibeba na ya wazima waliolibeba, katika watu wa asili yetu.